Neno Nililompa Asumani

Noela mwanangu,

Leo mchana nilisimama mbele ya shangazi zako, majirani zetu wa Makiso na akina mama wa kwaya, nikatoa hotuba ya kukuaga, na watu wakapiga makofi hata sahani za ndizi za lituma zikatikisika mezani. Nilisimulia habari za ule mti wa msitu wa Masako na sisimizi wake: jinsi mti unavyowapa makao ndani ya matawi yake yenye uwazi, na jinsi wao wanavyoulinda dhidi ya kila mdomo unaoyatamani majani yake. Nikamalizia kwa kusema, "Nenda Opala, binti yangu, ukaishi na watu kama mti na sisimizi wanavyoishi." Shangazi yako Marta alilia. Mama yako hakulia. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akinitazama kama mtu anavyomtazama mwizi aliyepewa nafasi ya kuhubiri.

Hotuba ilikuwa nzuri, nami najua kupima hotuba. Lakini niliikata katikati, mahali pale inapoanza kuuma. Sasa wageni wameondoka, mama yako anasugua masufuria uani, nawe uko kwa rafiki zako mkiagana. Nakuandikia nusu iliyobaki. Kuhusu chandarua, dawa za malaria, mahali pa kukaa ndani ya mashua ya balenieri na watu wa kuepukwa mtakapotia nanga Isangi, mama yako amekwisha kusema yote, na ameyasema mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo limo ndani ya mkoba wako, katika ile hati ya mkataba wa kampuni yako utakayowapelekea wakulima wa kakao.

Ifungue kifungu cha nne. "Mkulima ni mshirika huru wa kampuni, wala si mfanyakazi wake, na kila upande utabeba mzigo wake kwa moyo wa kusaidiana." Uliponiletea hati ile ilikuwa na Kiswahili cha kukwaruza, kilichotafsiriwa kutoka Kifaransa na mtu mwenye haraka, ukaniomba niinyooshe. Niliinyoosha. Mkurugenzi wako akakisifu kifungu hicho kuliko vingine vyote, nawe ukaja mbio kunieleza, na furaha yako ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilishindwa kufungua kinywa. Sentensi ile sikuitunga kwa ajili yenu. Niliitunga miaka tisa iliyopita, na imekwisha kumkata mtu mguu.

Unamkumbuka Tonton Suma. Alikuwa akikubeba mabegani kuvuka kijito cha Masako ulipokuwa mdogo, akikuita "mama profesa", akikupasulia vigogo ulambe asali ya nyuki wasio na mwiba. Mimi na yeye tulifanya kazi msituni miaka kumi na miwili. Kila mti ninaoujua, yeye ndiye aliyenionyesha. Kazi yangu ilikuwa kuuandika kwa Kilatini na kutia jina langu chini. Katika ripoti yangu ya kwanza nilimwita kiongozi wa njia. Katika ya pili nilimwita msaidizi. Kufikia ya tano nilikuwa namwita mshirika, nami niliamini nimempandisha cheo. Hapo pana jambo la kutazama kwa makini, Noela. Kadiri jina lake lilivyozidi kupendeza ndivyo alivyozidi kukosa. Kiongozi wa njia alikuwa na siku yake ya kupumzika na viatu vya mpira. Mshirika alikuwa na heshima, akaifuata miguu mitupu.

Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya namna hii, na mimi nimeishi kwa kuyauza. Unajua kwamba hakuna ndoa katika ukoo wetu ambamo sikuwa msemaji wa familia. Nimesema "bega kwa bega" mara nyingi, wala sikuwahi kugeuka kutazama ni bega la nani lililochubuka. Nimewaambia vijana kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni methali nzuri ya umoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza maoni ya chawa. Nilipokuwa mtoto kule Yanonge tulitolewa nyumbani kila Jumamosi kwenda salongo, kufyeka barabara ambayo gari lilipita mara moja kwa mwezi. Waliiita kazi ya pamoja. Babu yako alikuwa na homa siku moja, akabaki kitandani, wakaja kumchukua kwa fimbo ili asikose kushiriki. Nililiona kwa macho yangu, na bado nilipokua nikawa fundi wa maneno yaleyale.

Siku ninayotaka kukusimulia, wageni wa mradi wetu wa utafiti walikuwa wanafika kesho yake. Walitaka kuona sisimizi wakiwa hai ndani ya matawi. Asubuhi hiyo Asumani, maana ndilo jina kamili la Tonton Suma, alikuwa amekwisha kupanda miti miwili, na mikono yake ilikuwa imeumuka kama maandazi. Sisimizi wale si wa kuchezea. Maumivu yao huingia ndani ya nyama na kukaa siku mbili. Wazee wa huko husimulia kwamba zamani mtu aliyefumaniwa na mke wa mwenzake alifungwa kwenye mti huo akaachwa. Kamba ya kupandia ilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni, kwa kuwa mimi niliisahau.

Tulifika kwenye mti wa tatu. Akauzunguka, akaugonga na upande wa panga, akasikiliza.

"Prof, muti hii iko na hasira leo," akasema. "Na mikono ishavimba. Tuikate kesho asubuhi, bon?"

"Tonton Suma, sisi ni washirika," nikamjibu. "Wageni wakitukuta mikono mitupu, nani ataaibika? Au unataka niaibike peke yangu?"

"Aa! Kumbe aibu nayo tunagawanaka nusu-nusu?"

"Kila kitu nusu kwa nusu, ndugu yangu."

"Alors, na weye panda nusu ya muti."

Tulicheka wote wawili, tukacheka kwelikweli, hata akajipangusa machozi kwa kiwiko. Kisha yeye akaupanda mti wote.

Alianguka kutoka urefu wa paa la nyumba. Nilisikia mguu ukivunjika kabla ya kumsikia yeye. Akalala kwenye shina, na sisimizi, waliotikiswa na tawi alilokuwa amelikata nusu, wakaanza kumiminika chini kumfuata. Noela, mimi nilikuwa nimevaa glavu na koti zito la shamba. Yeye alikuwa na fulana. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nilisimama pale nikingoja sisimizi watulie. Aliniita. Kwanza aliniita Prof, halafu akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia na sikujua kwamba analijua. Nilikwenda walipopungua. Darasani tabia ile ya sisimizi tunaiita ulinzi, nami nimeifundisha tangu wakati huo bila sauti kutetemeka.

Tulimleta mjini juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia. Mpaka hapo ningeweza kukuambia kwamba ilikuwa ajali, na ningekuwa nimesema kweli. Kilichofuata hakikuwa ajali. Nilikitenda nikiwa nimekaa, nimekwisha kunywa chai.

Kamati ya mradi ilikutana siku ya tatu. Kanuni ilikuwa wazi: mfanyakazi akiumia kazini, mradi unamtibu mpaka apone. Katibu alishika kalamu, akaniuliza, "Profesa, tuandike nini juu ya huyu mtu? Alikuwa mfanyakazi?" Lilikuwa swali la neno moja. Ningesema ndiyo, Asumani angepelekwa kwa daktari wa upasuaji wiki ileile. Lakini ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa: nani alimwamuru apande bila kamba? Nami nilikuwa nangojea kukabidhiwa uongozi wa mradi.

Nikasimama. Nilizungumza kwa robo saa. Nikasema kumwita mtu yule mfanyakazi ni kumtukana. Kwamba yeye ni mshirika huru, mwenye msitu wake na elimu yake. Kwamba baina yetu hapakuwa na bwana na mtumwa, ila moyo wa kusaidiana ambao kila upande hubeba mzigo wake. Mwenyekiti alivua miwani. Alisema hajawahi kusikia mtu wa msituni akiheshimiwa namna ile. Wakapitisha azimio la kumpongeza Asumani, wakafunga faili. Mshirika hujitibu mwenyewe.

Ndugu zake wakampeleka kwa mganga wa mifupa, mguu ukaungwa kombo. Baadaye ukaoza. Ulipokatwa, ulikatwa juu ya goti.

Mama yako ndiye aliyekuwa akimpelekea pondu na samaki hospitalini. Alirudi siku ya kukatwa mguu, akaweka kikapu mezani mbele yangu, wala hakupaza sauti.

"Donc mutu iko anaoza, na weye unamupatia neno," akasema. "Nyumba hii iko na dawa? Hapana. Iko na kamba? Hapana, kamba iko nyuma ya mulango. Iko na maneno tu. Basi nitakupikiaka maneno, utakula."

Na usiku ule aliniwekea sahani tupu, ameifunika vizuri kwa kitambaa. Tangu siku hiyo hajaketi katika hotuba yangu hata moja. Watu husema mama Noela ni mnyenyekevu, hupenda kusimama mlangoni.

Sasa nafika kwako, nami sitakuhurumia, maana ningekuhurumia ningekuwa natoa hotuba nyingine.

Miezi michache baadaye Asumani alikuja nyumbani kwa magongo. Baiskeli ya toleka ilimshusha mwanzo wa barabara, kwa sababu ya matope, akatembea sehemu iliyobaki. Nilimwona kupitia dirisha la chumba changu, nikavuta pazia, nikakuambia useme sipo. Usiseme ulikuwa mtoto. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na ulijua niko chumbani, kwa kuwa ulikuwa umetoka kuniletea kahawa. Ukaenda getini. Ukamsalimu kwa magoti mawili, kama tulivyokufundisha. Ukamletea kiti na maji. Kisha ukasema, "Papa hayuko, Tonton. Alienda Yangambi tangu jana. Atasikitika sana." Ulilisema kwa upole kamili. Hata hilo la kusikitika, ambalo sikukutuma, uliliongeza mwenyewe.

Yeye alikunywa maji yote, akakurudishia kikombe.

"Si neno, mama profesa," akasema. "Mumuambie mushirika wake alipita."

Ulirudi ndani ukanipa salamu zile kama zilivyo, neno kwa neno, ukitabasamu kidogo, ukiona ni mzaha wa watu wawili wanaopendana. Nami unajua nilihisi nini nyuma ya pazia? Nilijivuna. Nilisema moyoni: binti huyu atakuwa msemaji. Nimelibeba jambo hilo kuliko lile la mti. Mguu wa Asumani niliuchukua siku moja. Wewe nilikuwa nakuchukua taratibu, mwaka hata mwaka, na ulikuwa unakuja kwa furaha.

Wiki iliyopita ulinisomea orodha ya wakulima waliochaguliwa kutia sahihi kwa niaba ya wenzao. La kwanza lilikuwa jina la Asumani Lobanga. Ulilipita bila kusita, kwa kuwa wewe ulimjua kama Tonton Suma peke yake. Ni yeye. Baada ya mguu kukatwa alirudi kwa watu wa mama yake, kando ya Lomami, na wamemchagua awatangulie kwa sababu wanasema huyu mzee amefanya kazi na wasomi, anawafahamu. Umesikia, Noela? Wanamtanguliza kama mtu anayetufahamu.

Naye hatufahamu. Hajui hata leo kwamba lile neno lilitoka kinywani mwangu. Anadhani kamati ndiyo iliyoamua, na kwamba mimi niliona haya kukutana naye kwa vile nilishindwa kumtetea. Najua hivyo kwa sababu kila mwaka, wakati wa kumbikumbi, hunitumia kifurushi cha kumbikumbi waliokaushwa, kwa mkono wa mtu yeyote anayekuja mjini. Umewala. Ulisema wana chumvi kidogo.

Basi yatakayotokea kesho kutwa nayaona kama yamekwisha kutokea. Utashuka Opala, utapelekwa kijijini, watakuwekea kiti. Utawasomea hati kwa sauti yako nzuri. Utakapofika kifungu cha nne watatikisa vichwa, kwa maana nani hapendi kuitwa mshirika? Asumani ataweka kidole kwenye wino kabla ya wengine. Na siku panga la kampuni litakapomkata mtu, siku dawa ya kupulizia itakapomwingia mtu machoni, utaitwa mbele ya kamati yako, katibu atashika kalamu, na wewe utasimama. Utazungumza vizuri kuliko mimi. Nimekusikia.

Ungeweza kuniuliza kama basi hakuna neno la aina hiyo lililo safi. Sijui. Najua tu kwamba miaka yote niliyoutazama mti ule sikuona upande wowote ukishukuru mwingine. Ukiwatoa sisimizi, mti unadhoofika mbele ya macho yako, nao sisimizi wanakufa. Hasara huonekana pande zote mbili, na katika muda uleule. Mimi nilimtoa Asumani kwenye mradi, na mradi ukastawi, nikapewa ofisi yenye dirisha la kutazama mto. Kama ningekuwa mkweli wa sayansi, ningeliandika hilo. Tulilokuwa nalo mimi na yeye lina jina pia katika vitabu vyangu. Ni jina la mdudu anayekaa ndani ya mwingine. Ulipokuwa shule ya msingi ulikuwa ukiwaogopa wadudu hao katika picha, nikakufunika macho kwa mkono wangu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni nakala ya maneno niliyoyasema mbele ya kamati, pamoja na sahihi yangu. Niliihifadhi kwa sababu niliona imeandikwa vizuri. Kabla Asumani hajagusa wino, msomee mbele ya watu wake wote waliokusanyika, kuanzia juu hadi sahihi. Halafu msomee kifungu cha nne. Usieleze chochote kati ya moja na nyingine. Hawatahitaji msomi wa kuwaonyesha kwamba sentensi ni ileile.

Najua gharama yake. Wakulima wakikataa kutia sahihi, kampuni itakurudisha Kisangani kabla hujafungua sanduku, na kazi uliyoililia miaka mitatu itapewa mwingine, ambaye atawasomea hati bila kiambatisho. Mimi nitatajwa kando ya Lomami kwa jina linalonistahili, na habari za mtoni husafiri na balenieri. Zitafika hapa, chuoni na kanisani, na sitaalikwa tena kusema katika harusi. Unaweza pia kuichana karatasi hiyo ndani ya balenieri na kuitupa majini. Hakuna atakayekuona. Mimi sitakuuliza, na hilo liogope, kwa maana ukirudi na sahihi zote mkobani nitakukumbatia, nitafurahi, na nitajua kwamba nimekumaliza.

Akishakusikiliza, ataniulizia. Namfahamu, hata baada ya kusikia yote ataniulizia, kwa sababu yeye ni mtu wa adabu. Atasema, "Na Papa iko?"

Usimwambie nimekwenda Yangambi. Mwambie yuko. Mwambie yuko nyumbani palepale, geti lilelile, na kwamba siku ile pia alikuwepo.

Papa yako,
aliyekuwa chumbani